Kufomati Memori Kadi ya Kamera na Kujua Kama Inaaminika: Mwongozo Kamili

Kadi nyingi hufomatiwa, yaani huondolewa vyote vilivyomo na kuandaliwa upya, mahali pabaya kuliko pote: ukumbini, dakika chache kabla maharusi hawajaingia. Kamera inaonyesha kuwa kadi imejaa, MC ameshashika kipaza sauti, kidole kinakimbilia kwenye menyu, na picha za sendofu ya juzi ambazo hazijahamishwa zinapotea. Nakusihi ugeuze utaratibu huo. Kufomati kuwe hatua ya mwisho ya kazi iliyokwisha, siyo hatua ya kwanza ya kazi inayoanza. Kufanyike mezani, kwa utulivu, baada ya picha kuwa na nakala mbili ambazo umezifungua kwa macho yako. Ukienda kazini, mkobani ziwe kadi tupu tu, na usiwe na sababu yoyote ya kugusa neno Format siku hiyo.

Mengine yote katika mwongozo huu yanalinda utaratibu huo: jinsi ya kuijua kadi bandia, kuifomati ndani ya kamera, kuitunza kazini, na kuokoa picha mambo yakiharibika.

Kinachotokea ndani ya kadi

Ndani ya kadi mna chipu za flashi, ambazo ndizo zinazohifadhi data, na kontrola, yaani kijikompyuta kinachoamua kila data iandikwe wapi. Flashi ilivumbuliwa na Fujio Masuoka akiwa Toshiba, Japani, miaka ya 1980. Kadi ya SD yenyewe ilitangazwa mwaka 1999 na SanDisk, Toshiba na Matsushita, ambayo leo ni Panasonic.

Flashi huandikwa kwa kurasa ndogo lakini hufutwa kwa bloku kubwa, na kila kufutwa huichosha kidogo. Ndiyo maana kontrola huzungusha kazi ili bloku zichakae kwa usawa. Hapo ndipo penye jibu la wanaoogopa kuwa kufomati mara kwa mara kunaua kadi. Hakuui. Fomati ya kawaida huandika data kidogo sana ukilinganisha na picha utakazopiga baadaye. Ukiijaza kadi mara moja kila wiki, umeijaza mara 52 kwa mwaka, na chipu za kawaida huvumilia mizunguko ya mamia hadi maelfu. Kadi nyingi hufa kwa sababu nyingine: kontrola mbovu, kuchomolewa zikiwa zinaandika, plastiki kupasuka, au kuwa bandia tangu siku ya kwanza.

Fikiria gesti yenye daftari la wageni. Fomati ya kawaida inachana kurasa za daftari na kuweka jipya lisiloandikwa kitu, lakini wageni bado wamelala vyumbani. Kamera ikisoma daftari jipya inaona vyumba vyote viko wazi, na ikipiga picha mpya inampa mgeni mpya chumba, na wa zamani anatolewa. Hii ndiyo sababu picha zilizofomatiwa kwa bahati mbaya mara nyingi huokolewa, na ndiyo sababu hupaswi kupiga hata picha moja baada ya kosa hilo.

Daftari hilo ndilo mfumo wa faili. Kadi za SD hadi 2GB hutumia FAT16, za SDHC kuanzia juu ya 2GB hadi 32GB hutumia FAT32, na za SDXC kuanzia juu ya 32GB hadi 2TB hutumia exFAT. FAT32 haiwezi kubeba faili linalofikia 4GB, kwa hiyo ukirekodi video ndefu kwenye kadi ya 32GB kamera huikata vipande. Havijaharibika, viunganishe kwenye programu ya kuhariri. Na kama kamera yako ni ya zamani kiasi cha kutoijua SDXC, inunulie kadi ya 32GB badala ya kulazimisha ya 64GB.

Kununua: soma alama, siyo rangi ya kadi

Namba kubwa iliyoandikwa mbele, kwa mfano 170MB kwa sekunde, kwa kawaida ni kasi ya kusoma. Unayoihitaji wewe ni kasi ya kuandika isiyoshuka chini ya kiwango. Hiyo inaonyeshwa na alama ndogo: C10 na U1 ni angalau 10MB kwa sekunde, U3 na V30 ni angalau 30MB, V60 ni 60MB na V90 ni 90MB. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inahitaji takribani 12.5MB kwa sekunde, kwa sababu MB moja ni megabiti 8. Kadi halisi ya V30 inaimudu bila shida, nayo itakula kama 45GB kwa saa. Usiingie gharama ya V90 kama kamera yako haiandiki kwa kasi hiyo.

Kuhusu ukubwa, napendelea kadi kadhaa za 64GB kuliko moja ya 256GB, hasa kwa kamera yenye tundu moja la kadi. Kadi ya 64GB hubeba picha za RAW, yaani picha ghafi zenye data yote ya kamera, kama 2,000 kutoka kwenye kamera ya megapikseli 24. Ikifa, umepoteza sehemu ya shughuli. Ile kubwa ikifa, imekwenda na shughuli nzima. Kama kamera ina matundu mawili, iweke iandike picha ileile kwenye kadi zote mbili. Watu huacha tundu la pili lipokee picha baada ya la kwanza kujaa, na hapo wanakuwa wameutupa ulinzi waliokwisha kuulipia. Angalia tu kwamba tundu la pili linaweza kuwa la polepole: Canon 5D Mark III ya mwaka 2012, ambayo bado iko mikononi mwa wapiga picha wengi, ina tundu la SD lisilotumia UHS, yaani njia ya kasi ya kadi za SD za kisasa, kwa hiyo ukipiga mfululizo itakusubirisha.

Epuka pia microSD, ile kadi ndogo ya simu, iliyovikwa adapta kwa kazi ya kulipwa. Inafanya kazi, lakini adapta inaongeza mguso mwingine wa chuma kwa chuma, na kila mguso ni mahali pa kushindwa.

Kadi mpya lazima ipimwe

Iwe umenunua Kariakoo, Luthuli Avenue jijini Nairobi, au mtandaoni kutoka ng'ambo, kadi mpya isiende kazini kabla ya kipimo. Kadi bandia ya kawaida ina chipu ndogo, tuseme 8GB, lakini kontrola yake imechezewa ili iseme ni 128GB. Ukiichomeka, kompyuta itakuambia 128GB. Ukiifomati, itakubali. Picha za kwanza zitafunguka vizuri. Ukishavuka 8GB halisi, kadi inaendelea kupokea data na kuitupa, au inaandika juu ya za mwanzo. Majina na ukubwa wa mafaili vyote vitaonekana, ila ndani hamna picha. Kuangalia ukubwa kwenye kompyuta, basi, si kipimo.

Kwenye Windows tumia programu ya bure iitwayo H2testw. Ya Kijerumani hiyo, lakini ukiifungua utachagua Kiingereza. Kwenye Mac na Linux tumia F3.

1. Hakikisha kadi haina kitu unachokihitaji, kisha ifomati kwenye kamera.
2. Ichomeke kwenye kisoma kadi kizuri. Kisoma kadi kibovu kitakufanya uilaumu kadi isiyo na kosa.
3. Kwenye H2testw chagua kadi yako, acha ipime nafasi yote, bonyeza Write + Verify. Kwa F3, endesha f3write kisha f3read ukielekeza kwenye kadi.
4. Subiri. Kadi ya 64GB ikiandikwa kwa 20MB kwa sekunde itachukua karibu saa moja kuandika tu, na kusoma ni muda mwingine. Iache ifike mwisho. Kupima robo yake si kupima.
5. Jibu linalokubalika ni moja tu: imemaliza bila kosa lolote. Kosa hata moja, irudishe dukani siku hiyohiyo na picha ya skrini mkononi.

Angalia pia kasi ya kuandika ambayo programu itakupa mwishoni. Kadi iliyoandikwa V30 ikionyesha 9MB kwa sekunde kwenye kisoma kadi chenye uwezo, kuna tatizo. Ila usishtuke kadi ya 64GB ikisomeka 59.6 kwenye Windows, au ya 32GB ikisomeka 29.8. Hapo hujaibiwa: kiwanda kinahesabu GB kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Kufomati ndani ya kamera

Kwa nini kamera na siyo kompyuta? Kwa sababu kamera hutengeneza mfumo wa faili na folda kwa mpangilio inaoutaka yenyewe: DCIM na ndani yake folda kama 100CANON au 100MSDCF, na kwa Sony pia folda ya PRIVATE inayobeba video pamoja na kumbukumbu zake. Kompyuta inaweza kuchagua mfumo ambao kamera haiujui kabisa, kama NTFS. Basi kila kadi ifomatiwe ndani ya kamera itakayoitumia, na ikihama kutoka Nikon kwenda Canon, ifomatiwe upya huko.

Betri iwe na chaji ya kutosha. Kamera ikizimika katikati ya kufomati, daftari linabaki nusu.

Kwenye Canon EOS, ingia menyu yenye alama ya spana, chagua Format card. Skrini itakuonyesha nafasi iliyotumika. Isome kabla ya kubonyeza, kwa sababu ndiyo onyo la mwisho kwamba kadi ina vitu. Kitufe cha kopo la taka hapo huweka alama kwenye Low level format, ambayo husafisha kadi kwa undani zaidi. Itumie kadi inapoanza kuandika polepole, au unapotaka mtu asiokoe picha zake kirahisi. Kwa kazi za kila wiki fomati ya kawaida inatosha.

Kwenye Nikon, menyu ya Setup ina Format memory card. Kamera kama D750 na D850 ina njia ya mkato: vitufe viwili vyenye alama nyekundu ya FORMAT unavishikilia pamoja mpaka maandishi yaanze kumetameta, kisha unavibonyeza tena. Ni ya haraka mno kwa maoni yangu, na kamera ikiwa na kadi mbili lazima ujue ni ipi imechaguliwa. Bora upite kwenye menyu.

Kwenye Sony, tafuta Format ndani ya Setup kwa kamera za zamani kama A7 III, au sehemu ya Media kwa menyu mpya kama ya A7 IV. Ukiona kamera inakuomba kurekebisha kumbukumbu za picha, mara nyingi ni kwa sababu mtu amefuta au kubadili mafaili kwa kompyuta.

Hilo linatuleta kwenye kufuta picha kupitia kompyuta. Liache. Ukifuta kwenye Mac, picha huingia folda iliyofichika ya taka ndani ya kadi hiyohiyo, na kamera inaendelea kusema imejaa. Kufuta moja moja kwenye kamera katikati ya kazi nako hakufai: unapunguza umakini, na siku moja kidole kitachagua isiyo yenyewe. Kamera ikikataa kabisa kufomati kadi, tumia programu ya bure ya SD Memory Card Formatter kutoka kwa SD Association, wenye viwango vya kadi hizi, kisha irudishe kadi kwenye kamera uifomati tena.

Kazini

Kabla ya kutoka nyumbani, chomeka kila kadi, piga picha moja, iangalie, kisha hakikisha hesabu ya picha zilizobaki inaendana na kadi tupu. Kwenye kikasha, kadi tupu zikae uso juu na zilizojaa zigeuzwe. Ukitoa kadi iliyojaa, sukuma kile kiswichi cha pembeni kwenye LOCK kabla haijaingia kikashani, ili hata ikirudi kwenye kamera kwa bahati mbaya, kamera ikatae. Kiswichi hicho ni kipande cha plastiki tu. Hakifungi chochote ndani ya kadi, bali kinamwambia mwenye kusoma asiandike. Kikilegea na kamera ikadhani imefungwa, kadi hiyo imefika mwisho wa kazi za kulipwa.

Usifungue mlango wa kadi taa ya kuandika ikiwa inawaka, hata kama umeshazima kamera. Baada ya kupiga mfululizo, kamera inaweza kuendelea kuandika kwa sekunde kadhaa. Na badilisha betri kabla haijafika mwisho kabisa, hasa unaporekodi video, kwa sababu faili la video hufungwa mwishoni. Kamera ikizimika ghafla unaweza kubakiwa na faili kubwa lisilofunguka.

Kwa wa Pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja na Mtwara, hewa ya chumvi hushambulia vile vipande vya dhahabu nyuma ya kadi na pini ndani ya kamera. Usivishike kwa vidole. Vikififia, vipanguse kwa kitambaa laini chenye pombe kidogo ya isopropili, na kadi ikauke kabisa kabla ya kurudi.

Kuhamisha, halafu ndipo kufomati

Nakili, usikate na kubandika. Umeme ukikatika katikati ya kukata, kompyuta ya mezani inazimika na utakuwa na picha nusu huku nusu kule, na moja iliyovunjika katikati.

Peleka nakala ya kwanza kwenye kompyuta na ya pili kwenye diski ya nje inayokaa mahali pengine. Linganisha idadi ya mafaili na jumla ya ukubwa kati ya kadi na nakala zote mbili. Namba zilingane kabisa. Kisha fungua picha kadhaa za mwanzo, za kati na za mwisho kwa ukubwa wake kamili, siyo zile ndogo za kuchungulia. Picha ndogo hukaa sehemu yake ndani ya faili, na inaweza kuonekana safi wakati kubwa ina mistari ya kijivu. Video zicheze mpaka sekunde za mwisho.

Yote yakiwa sawa, rudisha kadi kwenye kamera uifomati palepale. Tangu hapo kadi tupu maana yake kazi yake imehifadhiwa, na iliyojaa maana yake haijahifadhiwa. Ukianza kuchanganya hali hizi mbili, hakuna lebo itakayokuokoa.

Jambo jingine: kompyuta za steshenari na studio za kusafisha picha. Nyingi zina vile virusi vya shotikati vinavyoficha folda zako na kuweka viungo bandia mahali pake. Kama ni lazima kupeleka picha huko, zibebe kwenye flashi diski ya kazi hiyo, siyo kwenye kadi ya kamera. Ukikuta kadi imeshapatwa, usibonyeze vile viungo. Picha kwa kawaida zipo, zimefichwa tu. Nakili zilizofichwa kwa kompyuta safi, kisha fomati kadi kwenye kamera.

Kamera ikikataa kadi

Canon itakuandikia Err 02, Nikon itametesha CHA, na nyingine zitakuambia kadi haisomeki na kukupa chaguo la kufomati. Usikubali chaguo hilo kama kadi ina kazi.

Zima kamera, toa kadi, ifunge kwa LOCK, itie alama kwa kalamu, weka nyingine, endelea na shughuli. Ya kuokoa ni ya nyumbani.

Huko, jaribu kwanza kisoma kadi kingine. Windows ikikuambia kuna tatizo na kadi na ikajitolea kuirekebisha, kataa: urekebishaji huo unaweza kuzigeuza picha kuwa vipande vyenye majina ya .CHK ndani ya folda ya FOUND.000. Kama unaweza, tengeneza kwanza taswira ya kadi nzima, yaani faili moja lenye nakala ya kila kilichomo, kwenye diski kwa programu kama ddrescue na ufanye kazi juu ya taswira hiyo, kwa sababu kadi inayokufa inaweza isikupe nafasi ya pili.

Kisha tumia PhotoRec, programu ya bure ya Christophe Grenier. Chagua kadi au taswira yake, chagua aina za mafaili unayotafuta, na elekeza matokeo kwenye diski nyingine, kamwe siyo kwenye kadi yenyewe. Itayaweka kwenye folda za recup_dir, na majina ya asili yatakuwa yamepotea. Picha hurudi vizuri kuliko video, kwa kuwa faili kubwa la video linaweza kuwa limesambaa vipande vipande. Ila kamera au kadi nyingine husafisha bloku kweli inapofomatiwa, na hapo programu yoyote haitakuta kitu. Usimwahidi mteja kabla hujaona picha.

Kadi isipoonekana kabisa kwenye kisoma kadi chochote, huenda kontrola imekufa. Programu haitasaidia. Mwenye kuweza ni mtaalamu wa kutoa data kwa kusoma chipu moja kwa moja, nayo ni kazi ya gharama kubwa. Acha kuichomeka tena na tena. Iweke mahali pakavu mpaka mteja aamue.

Kadi ya kustaafu

Kadi iliyotoa kosa kazini bila sababu inayojulikana irudie kipimo cha H2testw kizima. Ikianguka, ikate vipande viwili, usimpe kijana anayejifunza wala usiiuze, maana itaenda kuharibu harusi ya mtu mwingine. Ikipita, itumie kwa mazoezi na picha zako binafsi, siyo kwa kazi isiyorudiwa. Ile yenye plastiki iliyopasuka haihitaji hata kupimwa: ganda lake linaweza kubaki ndani ya tundu la kamera, na kutengeneza tundu ni ghali kuliko kadi kumi.

Unapouza kadi inayofanya kazi au kamera pamoja na kadi yake, fomati ya kawaida haitoshi, kwa sababu picha za familia za wateja wako bado zimo. Tumia SD Memory Card Formatter ukichagua Overwrite format, au iandike nzima kwa H2testw. Na usiifanye kadi kuwa kabati la kumbukumbu za miaka: chaji inayoshikilia data kwenye flashi huvuja taratibu kadi ikikaa bila umeme, kwa hiyo picha za mteja wa zamani zihamie kwenye diski mbili, na kadi irudi kazini ikiwa tupu.